Kuihukumu Ndara

Wengi wetu hukubali bila ubishi kwamba shairi laweza kuhukumiwa, na nyumba pia, na wimbo, hata msuko wa nywele. Lakini ukisema kwamba ndara nayo yastahili kuhukumiwa kwa akili ile ile, watu hucheka. Hudhani kwamba kiatu ni kitu cha kununua, kuvaa na kutupa, na kwamba hakina la kufikiriwa zaidi ya bei na rangi yake. Fikira hiyo si sawa. Ndara ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono ina mtungaji wake. Ina mpango, ina mahali palipofikiriwa na mahali paliposahauliwa, kama ilivyo kazi yoyote ya sanaa. Tena ina jambo moja ambalo shairi halina: shairi baya halimtoi msomaji wake malengelenge.

Ndara nizungumziayo hapa ni ya namna maalumu. Ni ile nyembamba, ambayo soli yake iko sawasawa tangu kisigino hadi vidoleni, haina mto chini ya wayo, na mbele ni pana kiasi cha kuviacha vidole vikae vipendavyo. Ukiishika mikononi waweza kuikunja bila taabu. Mvaaji wake hutembea kana kwamba yu peku, ila miiba na kokoto haziuchomi wayo wake. Kwa hiyo tuiite ndara ya peku. Neno langu juu yake ni moja tu: ndara hii ni ngumu kuitengeneza kuliko kiatu kinene, ingawa yaonekana rahisi. Kiatu kinene kina mahali pengi pa kuficha makosa ya fundi, kwa kuwa mto hufunika soli mbovu, na bitana hufunika mshono mbovu. Ndara ya peku haina pa kuficha neno. Kosa likiwapo, mguu hulijua kabla jua halijatua.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana ndara huhukumiwa juu ya ardhi, si juu ya meza ya duka. Wamagana, katika Tetu, iko upande wa milima ya Nyandarua, na ardhi yake ni ile nyekundu ya volkano ipendwayo na chai na kahawa. Mvua za Machi hadi Mei huigeuza kuwa tope linalonata na kuteleza. Wakati wa ukame hugeuka vumbi laini. Na asubuhi za Julai baridi hupanda kutoka chini kama maji ya kisima. Mji wa Lamu haujui mambo hayo. Kubadhi la pwani, lenye gidamu yake kati ya vidole na ukanda wake mpana uliotiwa nakshi, ni kazi nzuri mno juu ya sakafu na mchanga mkavu, na nisingependa mtu alidharau. Lakini mvaaji wake akishuka nalo kilima cha Tetu mwezi wa Aprili, mguu wake utateleza ndani ya kiatu, na kiatu chake kitateleza juu ya tope. Na mtu hawezi kuteleza mara mbili kwa wakati mmoja akafika chini kwa heshima.

Akala ndiyo iliyozaliwa kwa ardhi kama hii. Hukatwa katika gurudumu kuukuu la motokaa, nayo hushika tope kwa meno yale yale yaliyoshika barabara. Kwa uthabiti haina mpinzani. Hata hivyo ni nzito, haikunjiki, na magurudumu ya siku hizi yana nyuzi za chuma ndani yake ambazo soli ikilika hutokeza ncha. Hekima ya mafundi wengi imekuwa kuunganisha mambo mawili: ngozi juu, mahali wayo unapokaa, na mpira mwembamba chini, mahali ardhi inapoanzia. Waramuri wa Mexico, wasifiwao kwa mbio ndefu milimani, wana ndara zao za vipande vya gurudumu na kamba, wala hawakujifunza kwetu, nasi hatukujifunza kwao. Mguu ni mmoja ulimwenguni kote, na gurudumu kuukuu lapatikana kila mahali.

Kuna watu waisifuo ndara ya peku kupita kiasi. Husema kwamba binadamu hakuumbwa na kiatu, na ushahidi wao ni Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za Marathoni mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku. Ni kweli alishinda. Lakini mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, na safari hiyo alivaa viatu. Msemaji wa haki hana budi kuzitaja mbio zote mbili. Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili hapa Kenya. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walieleza kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia peku aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kishindo cha kutua kwao ni kidogo. Mwaka 2013 wachunguzi wengine wakawatazama Wadaasanach wa kaskazini, ambao nao huenda peku, wakaona kwamba wengi wao hutua kwa kisigino wakienda mbio za kawaida. Kumbe hakuna sheria moja. Lililo hakika ni kwamba mguu uliolelewa katika kiatu chenye kisigino hauwezi kugeuka siku moja. Kijana anayeivaa ndara ya peku kwa mara ya kwanza na kutembea nayo maili sita atalala na maumivu ya shavu la mguu, kisha atamlaumu fundi bure.

Wala tusisahau kwa nini wazee wetu walipigania kuvaa viatu. Mwaka 1872 meli moja kutoka Brazili ilifika pwani ya Angola ikiwa na funza mchangani mwake, na kabla karne haijaisha mdudu huyo alikuwa amekwisha kulivuka bara hili. Katika nchi ya kati ya Kenya ameng'oa kucha za watoto wengi na kuwatoa shuleni. Tena madaktari wamejifunza kwamba udongo mwekundu wa volkano, ukigusa miguu peku miaka mingi, waweza kwa watu wengine kuleta uvimbe mkubwa wa miguu. Maradhi hayo yamewatesa wengi katika nyanda za juu za Ethiopia. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni kunawa miguu na kuvaa kiatu. Ndara iliyo wazi haimzuii funza wala vumbi. Basi ndara ya peku ni kiatu cha njia na cha mji na cha ua uliofagiwa. Si kiatu cha shamba la chai. Anayeisifu bila kutaja mpaka huo anamdanganya mnunuzi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Ngozi mbichi huoza. Ngozi iliyodabaghiwa, yaani iliyotiwa dawa ya kuihifadhi, hudumu. Dawa za namna mbili ndizo zitumikazo zaidi. Ya kwanza hutoka katika maganda ya miti, na katika nchi yetu mti uliojulikana sana kwa kazi hiyo ni mwati, uliotoka Australia, ambao watu wa Nyeri huuita muthanduku. Ngozi yake huwa imara, huwa kahawia mpaka ndani, na hujifunza umbo la mguu kadiri siku zinavyopita. Ya pili hutoka katika chumvi za kromi. Ngozi yake ni laini na hustahimili maji zaidi, lakini haikubali sana kufinyangwa na mguu. Tazama ukingo uliokatwa kwa kisu: ukiona moyo wa ngozi una rangi ya kibuluu au kijivu, hiyo ni ya kromi. Kwa mahali wayo unapolala mimi huchagua ya maganda bila kusita, hata ikiwa si laini siku ya kwanza. Ulaini wa dukani umewadanganya wengi.

Tena uliza ngozi ilitoka wapi katika mwili wa mnyama. Ya mgongo ni ngumu na hainyooki ovyo. Ya tumbo hunyooka kama mpira usiorudi. Ukanda uliokatwa tumboni hukaa vizuri wiki mbili, kisha hulegea, na mvaaji huanza kuikamata ndara kwa vidole kama kuku akamatavyo kijiti. Ngozi ya kondoo haifai kabisa kwa kanda za ndara, kwa kuwa uso wake huchanika mapema, ingawa wauzaji huipenda kwa upole wake mkononi.

Hapa twafika kwenye kiini cha hukumu, nacho ni njia ya ukanda. Soli ni kipande bapa tu. Ukanda ndio unaoifanya kuwa ndara. Tazama kwanza tundu la gidamu. Mafundi wavivu hulitoboa katikati ya upana wa soli, kwa sababu macho hupenda katikati. Lakini nafasi kati ya kidole gumba na cha pili haiko katikati ya mguu, iko upande wa ndani. Tundu likiwa katikati, mguu husukumwa nje, na kidole kidogo huning'inia ukingoni kama abiria wa matatu. Tazama kisha kama ukanda unazunguka kisigino. Ndara ya peku isiyo na ukanda wa nyuma ni jina bila kitu, kwa maana huvilazimisha vidole kushika kila hatua, na mguu unaoshika hauwezi kutembea kwa uhuru. Tazama mwisho mahali ukanda unapoingia katika soli. Ukiwa umepita katika tundu na kushonwa kati ya tabaka mbili, utakaa. Ukiwa umebandikwa kwa gundi tu, au umepigiliwa msumari, mvua ya kwanza itakupa jibu.

Mshono wa mkono nao una elimu yake. Fundi ajuaye kazi hutoboa kwa msharasi, hutia nta katika uzi, kisha hupitisha sindano mbili zikipishana katika kila tundu, moja ikitoka kushoto na moja kulia. Mshono huo hata ukikatika mahali pamoja hushika kwingineko. Ule wa cherehani ukianza kufumuka hufumuka.

Baada ya hayo ndipo niwezapo kuzungumza juu ya urembo, na wapo watakaoona nimechelewa. Sisemi kwamba urembo ni mdogo. Shanga za Wamasai, kwa mfano, ni sanaa kamili yenye kanuni zake za rangi na mpangilio, na ukanda uliopambwa kwa shanga zilizoshonwa vema juu ya ngozi huupendeza mguu wowote. Lakini mara nyingi shanga huwekwa mahali pabaya: ukingoni mwa ukanda, zikisugua ngozi ya mtu, au juu ya soli penyewe, zikifunikwa na wayo na kung'olewa nao. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa Misri mwaka 1922, zilipatikana ndara zilizochorwa maadui waliofungwa pale pale wayo unapokanyaga. Urembo huo ulifichwa na mguu kwa makusudi, ili mfalme awakanyage adui zake kila hatua. Maiti yake nayo ilivikwa ndara za dhahabu, ambazo hakuna mtu angeweza kutembea nazo. Mfalme aliyelala alikuwa na haki yake. Mwanafunzi apandaye kilima kwenda na kurudi hawezi kuvaa ndara ya kaburini.

Uzuri wa ndara ya peku, kwa hukumu yangu, hutoka katika kipimo: upana wa ukanda ukilingana na upana wa mguu, ukingo ukifuata mguu bila kuuonyesha wala kuuficha, ngozi ikiachwa katika rangi yake. Uzuri huo na starehe ni jambo moja, maana ukanda uliopita mahali pake hupendeza macho kwa sababu ile ile unayopendeza mguu. Duka haliwezi kukupa hilo kwa nambari, kwa kuwa miguu miwili ya mtu mmoja haifanani. Fundi wa kibandani aweza. Simama mbele yake jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi ya siku, simama kwa uzito wako wote, naye auchore mguu wa kulia na wa kushoto, kila mmoja peke yake, juu ya karatasi ngumu. Akiuchora mmoja na kuugeuza ili upatikane wa pili, mshukuru uende kwa mwingine.

Ngozi iliyolowa isikaushwe motoni, maana hukakamaa na kupasuka. Ianikwe kivulini, kisha ipakwe mafuta kidogo. Wazee wa Wagikuyu walilainisha mavazi yao ya ngozi kwa mafuta ya mbarika, na mafuta hayo yangali yanafaa. Baada ya mwaka wa pili mpira wa chini utakuwa umelika, nao hubadilishwa kwa fedha chache, lakini ngozi ya juu itakuwa imechorwa alama nyeusi za vidole vitano na duara la kisigino. Usiitupe. Mpelekee fundi, kwa sababu fundi mwenye macho huisoma: akiona kidole gumba kimechimba shimo refu, atajua gidamu ilikuwa nyuma mno; akiona kisigino kimelika upande wa nje, atajua jinsi unavyotua; na jozi itakayofuata ataikata kwa kuifuata ile.