Robo Sekunde Mbele ya Mashine ya Kukereza

Aprili 2011, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikufa katika karakana ya chuo usiku akiwa peke yake. Nywele zake zilinaswa na mashine ya kukereza. Wakaguzi wa usalama kazini walikosoa kinga za mashine hiyo. Mimi navutiwa na swali la mwalimu: unamfanyaje kijana aiamini hatari ambayo hajawahi kuiona?

Bango la "Funga nywele" halitoshi. Hesabu husaidia zaidi. Tuseme mashine inazunguka mara 600 kwa dakika, yaani mara 10 kwa sekunde. Binadamu huhitaji kama robo sekunde kushtuka, na huko ni kushtuka tu, kitufe hajakigusa. Katika muda huo nondo ya milimita 30 imeshazunguka mara mbili na nusu. Mzingo wake ni sentimita 9.4, kwa hiyo imekwisha kumeza sentimita 23 na ushei za mkono wa shati. Taya zinazoishika nondo hiyo, zenye kipenyo cha milimita 200, zingevuta zaidi ya mita moja na nusu.

Hesabu hiyo ifanywe kwa mikono. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, kitambaa chakavu kifungwe kwenye nondo, mwanafunzi azungushe taya taratibu mara mbili na nusu, mwenzake apime kilichopotea. Hapo hata mtundu wa darasa hunyamaza. Swali la kama glavu zivaliwe nalo hujijibu: glavu haichaniki upesi, hivyo huenda na mkono ulio ndani yake. Glavu ni za kubeba vyuma vyenye ncha kali, mashine ikiwa imezimwa.

Ufunguo wa taya ni habari nyingine. Ukisahauliwa ndani ya taya, mashine ikiwaka hurushwa kama jiwe la manati. Shule nyingi hukariri sheria ya kutouachia kabla ya kuuchomoa. Ni sheria nzuri, lakini napendelea ufunguo wenye springi, unaojisukuma nje ukiachiwa, kwa sababu hautegemei kumbukumbu ya kijana mwenye njaa saa sita mchana.

Mtihani nao ufanyike mbele ya mashine. Mwanafunzi aoneshe kuzima kwa dharura, huku mwalimu akimweleza kuwa taya zisizo na breki huendelea kuzunguka hata umeme ukikatika. Asiyekifikia kitufe bila kupitisha mkono juu ya nondo, ahamishiwe kitufe kwanza.