Asiyekuwapo na Lake Halipo

Tangu mwezi wa Septemba 2019 serikali ya Kongo imetangaza kwamba masomo ya shule ya msingi hayalipwi tena na wazazi. Neno hilo halikuwa jipya. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilikwisha kuagiza kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima, tena ni ya bure. Ilipita miaka 13 kabla agizo halijaanza kutimizwa kwa nchi nzima. Mwezi wa Juni 2020 Benki ya Dunia nayo ikakubali kutoa dola milioni 800 kwa kazi hiyo. Fedha ni nyingi, na watoto waliingia madarasani kwa wingi. Lakini mzazi wa Kasongo au wa Kabambare ana haki ya kuuliza: fedha hiyo hupita njia gani, na huishia wapi?

Wako wataalamu waliofanya kazi ya kutafuta jibu. Mwaka wa 2011 Kristof Titeca na Tom De Herdt, wa Chuo Kikuu cha Antwerp huko Ubelgiji, waliandika juu ya shule za Kongo katika gazeti la African Affairs. Mwaka wa 2020 Tom De Herdt huyo huyo, pamoja na Cyril Owen Brandt, waliandika juu ya mishahara ya walimu katika gazeti la The Journal of Modern African Studies. Maandiko haya hayakuandikwa kwa ajili ya wazazi wa parokia. Hata hivyo habari zake ni zetu, basi tuyapime kwa haki: tusifu panapostahili sifa, tukosoe panapopungua.

Andiko la kwanza lina jambo kubwa la kusifiwa. Watu wengi wa ng'ambo walizoea kusema kwamba serikali ya Kongo imekufa. Wataalamu hawa walijibu kwamba sivyo. Serikali ilipopungukiwa fedha, shule hazikufungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipokwisha thamani, wazazi ndio waliochanga ili mwalimu asiondoke. Serikali ikabaki na muhuri, wakaguzi, mitihani na diploma. Makanisa yakabaki na uongozi wa shule zao, kadiri ya mapatano yaliyofanywa na serikali mwezi wa Februari 1977. Wazazi wakabaki na mzigo. Ndivyo shule zilivyodumu, kwa kupatana.

Tena waandishi hawakuogopa kusema kwamba fedha za wazazi hazikukaa shuleni zote. Sehemu yake ilipanda juu, ofisi hata ofisi: za serikali, na za Makanisa pia. Neno hili linatugusa sisi Wakatoliki, nasi tusilikwepe. Ofisi za kusimamia shule zetu nazo zilipata riziki yake katika mchango wa mzazi. Pengine hapakuwa na njia nyingine siku zile. Lakini aliyekula katika chungu hawezi kusema hakujua kuna moto.

Sasa upungufu wake. Waandishi wanapenda sana neno kupatana. Wenyewe wanakubali kwamba wenye kupatana hawana nguvu sawa. Lakini macho yao yanabaki kwa wale waliokaa mezani: mkuu wa shule, mkaguzi, kamati ya wazazi, ofisi ya Kanisa. Je, mama mjane mwenye watoto watano, aliyetoa shuleni wasichana wawili ili mvulana mmoja abaki, alipatana na nani? Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya mchango huonekana siku moja mlangoni, kisha haonekani tena. Asiyefika shuleni kabisa hana risiti, wala hakuna daftari linalomtaja. Utafiti unaofuata fedha zilizolipwa hauwezi kumwona asiyelipa. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Andiko la pili linatusaidia zaidi, kwa kuwa linafuata fedha inayotelemka, yaani mshahara. Tangu mwaka wa 2011 serikali ilianza kuwalipa walimu kwa njia ya benki, ili mshahara usipite tena katika mikono mingi inayoupunguza. Nia ilikuwa njema. Mjini, mwalimu aliona faida. Lakini benki haiko kila mahali, na mashambani kazi ya kulipa ilibidi kukabidhiwa kwa wengine, Caritas mmojawapo. Waandishi wanaonyesha vizuri kwamba sheria ile ile moja iliwafikia mwalimu wa mjini na mwalimu wa kijijini kwa namna mbili, na pengo kati yao likapanuka.

Hapo ndipo Kabambare inapoingia. Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, iko mbali na Kasongo zaidi ya kilomita 200, na Kabambare iko mbele tena, upande wa mashariki. Mwalimu anayefuata mshahara mbali huacha darasa, hulipa pikipiki, hulala kwa watu, na kurudi na pungufu. Karatasini yeye na mwenzake wa mjini hupokea sawa. Huko Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, makundi ya silaha yaliwakimbiza watu mara nyingi kati ya miaka ya 2017 na 2020. Kijiji kikihama, shule huhama au hufa. Lakini fedha hubaki imeandikwa kwa jina la mahali pa zamani.

Tena kuna jambo la daftari la mishahara. Mwalimu hulipwa na serikali akiwa na namba yake ya matrikule, na shule yake ikiwa imeandikwa katika ofisi ya mishahara, iliyoitwa SECOPE na baadaye DINACOPE. Walimu wengi wa Kongo walifundisha miaka mingi bila kulipwa hata kidogo, kwa sababu wao au shule zao hawakuwamo katika daftari hilo. Mchango wa wazazi ndio uliowalisha. Basi fikiri, ndugu msomaji: siku mchango unapokatazwa, shule yenye walimu walioandikwa hupata nafuu kweli, lakini shule isiyoandikwa hupoteza mchango bila kupata mshahara. Agizo lililokusudiwa kumsaidia maskini laweza kumwumiza maskini kuliko wote, yule wa shule ya mwisho njiani.

Mtu asidhani jambo hili limeanza leo. Kasongo ina mfano wake wa zamani. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Wabelgiji ilitoa msaada wa fedha kwa shule za misioni za Kikatoliki. Misioni za Kiprotestanti zilisubiri mpaka baada ya vita vya mwaka wa 1945, na shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika zilikuja tangu 1954, wakati wa waziri Buisseret. Kasongo lakini ni mji wenye Waislamu wengi. Mzazi Mwislamu aliyeogopa mwanawe asigeuzwe dini alimweka nyumbani, na fedha ya umma ikampita. Hakuna aliyeandika sheria kwamba mtoto wa Mwislamu asisome. Njia ya fedha peke yake ilitosha kumwacha nje. Sisi tuliosoma katika shule zile tuna deni la kukumbuka hayo.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya maandiko haya ni hii. Ni ya kweli, yameandikwa kwa bidii, na yanashinda hesabu zile za Kinshasa zinazohesabu fedha siku inapotoka tu. Lakini yameuliza zaidi nani anatawala shule, kuliko nani ameachwa nje yake. Fedha ya umma hufuata njia iliyokwisha kulimwa: shule iliyoandikwa, mwalimu mwenye namba, mji wenye benki. Mtafiti atakayekuja baada yao aanzie mwisho wa njia, katika kijiji cha Kabambare, ahesabu kwanza watoto wasiokuwamo darasani, kisha apande juu akiuliza fedha yao ilikwama wapi.

Nasi tusimngojee. Kila parokia ina watu wajuao kuandika. Kamati ya wazazi iandike mambo matatu: watoto wa kijiji walio nje ya shule, walimu wanaofundisha bila namba, na kila mchango unaoombwa hata sasa, kwa jina lolote utakaopewa. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wazazi wote, Wakristu na Waislamu, kisha ipelekwe kwa mkaguzi na kwa ofisi ya shule zetu. Asiyekuwapo hana wa kumsemea, ila wale wanaojua jina lake.