Maji Moto wa Unguja na Kahawa ya Kasese

Mnazi si mti wa Kasese, Uganda. Mawese yanayouzwa Mpondwe, hapo Bwera mpakani, hutoka kwenye michikichi ya upande wa Congo, na nazi ikionekana sokoni imesafiri kutoka pwani. Hata hivyo, mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Rwenzori ana sababu ya kufuatilia utafiti uliofanyika Unguja miaka ya mwanzo ya 1950. Kabla ya kuuliza ni dawa gani ipulizwe, watafiti waliuliza ni nani anayeishi juu ya kila mti.

Tatizo lilikuwa vidaka, yaani nazi zinazoanza kutunga. Mnazi huangusha vidaka vingi kwa kawaida yake, kwa hiyo si rahisi kujua kipi kimeanguka chenyewe na kipi kimeangushwa. Vile vilivyobaki kwenye kichala vilikuwa na madoa yanayovuja utomvu mzito, na vikifika kuwa nazi, vilikuwa vidogo na vilivyopinda. Mwaka 1953 mtaalamu wa wadudu M. J. Way alichapisha ushahidi wake: chanzo ni kunguni mwembamba wa rangi ya hudhurungi, anayefyonza maua ya kike na vidaka vichanga. Mate yake huua sehemu aliyoichoma. Mwaka 1955 E. S. Brown alimpa kunguni huyo jina la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, akimkumbuka Way.

Ugumu wa wadudu hawa ni kwamba hawahitaji kuwa wengi. Wachache tu kileleni, mahali ambapo mtu hafiki bila kukwea, wanatosha kupunguza mavuno ya mti mzima. Kupuliza dawa juu ya mnazi mrefu ni kazi ngumu na ya gharama. Way akageukia chungu.

Aligundua kwamba minazi iliyokaliwa na maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za hariri kutoka kwa mabuu wao, ilikuwa na kinga. Maji moto huwinda mchana kutwa na hawamvumilii kunguni kwenye kichala. Lakini mnazi wa jirani ungeweza kuwa hauna hata mmoja, na hapo ndipo utafiti ulipokuwa na utamu. Makuti ya minazi iliyopandwa mbalimbali hayagusani. Maji moto akitaka kuhama mti lazima ashuke shinani na kupita ardhini, na ardhini kuna wenyewe: Pheidole megacephala, sisimizi mdogo mwenye askari wa vichwa vikubwa, anayejenga udongoni na kumshambulia mgeni kwa wingi. Sisimizi huyu hamlindi mnazi dhidi ya kunguni, ila humfukuza anayeulinda. Vita vya shinani ndivyo vilivyoamua mavuno ya kileleni. Huu ni uchunguzi wa hali ya juu, nao ulihitaji zaidi macho na subira kuliko mitambo.

Mwaka 1960 F. L. Vanderplank naye alichapisha utafiti mrefu juu ya maji moto na kunguni huyo. Kisha Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi kwa msaada wa Ujerumani, na swali likawa la vitendo: mizani ya vita itageuzwaje? Zerhusen na Rashid walieleza mwaka 1992 jinsi walivyotumia chambo cha Amdro, kilichotengenezwa Marekani kwa ajili ya chungu wengine kabisa. Sumu yake huua polepole, hivyo sisimizi vibarua huibeba hadi kiotani kabla ya kufa. Sisimizi wa vichwa vikubwa wakapungua, maji moto wakapata njia.

Mwaka huohuo B. Löhr alileta habari iliyovuruga mpangilio. Anoplolepis custodiens, chungu mwingine wa ardhini, alionekana kuongeza mavuno ya minazi Tanzania. Orodha ya marafiki na maadui haikuwa imefungwa.

Njia nyingine ilikuwa ya bei nafuu zaidi: kuacha majani. Palipopaliliwa hadi udongo ukabaki mtupu, sisimizi wa vichwa vikubwa walitawala; palipoachwa uoto wa chini, maji moto walipata nafuu. Z. S. K. Seguni wa Tanzania alilithibitisha hilo katika michungwa, kwenye makala ya mwaka 2011 aliyoiandika pamoja na Paul Van Mele na yuleyule Way.

Sasa turudi Uganda. Mdudu mtoboa matawi ya kahawa, Xylosandrus compactus, aligunduliwa nchini mwaka 1993 huko Bundibugyo, ng'ambo ya Rwenzori. Jike huchimba tundu ndani ya tawi na kuotesha kuvu ya kulisha mabuu. Akishaingia, dawa ya kupuliza haimpati. Mwaka 2015 J. P. Egonyu na wenzake waliripoti kwamba chungu wadogo wa jenasi ya Plagiolepis humla mdudu huyo. Miaka miwili baadaye watafiti wa Uganda walichapisha kazi juu ya mwindaji mwingine wa mtoboa matawi: Pheidole megacephala, yuleyule aliyetegewa sumu kwenye minazi.

Kwa hiyo ushauri wa minazi hauwezi kubebwa mzimamzima hadi kwenye mibuni. Mkulima anayemwaga sumu ya chungu shambani huenda anaua wawindaji wake mwenyewe. Afadhali akate kwanza matawi yaliyonyauka, ayapasue kwa wembe na kutazama kila tundu: mna mabuu meupe, au chungu wameshatangulia? Ni kazi ya asubuhi moja, na afisa wa kilimo anaweza kuirudia na wakulima wa kijiji kizima. Matawi yenye mabuu yachomwe siku hiyohiyo.