Shikome na Uchaguzi wa Kazi

Katika Elimu ya Kujitegemea (1967), Mwalimu Nyerere alitaka shule imwandae kijana kwa maisha ya jamii yake. Lakini nani amwongoze kuchagua kazi? Kwa Wasukuma, wazee waliwafunza vijana wa kiume kwenye shikome, yaani moto wa jioni. Leo kijana wa Geita aonaye duara la dhahabu kila siku aweza kudhani hakuna njia nyingine, ilhali mgodi wenyewe wahitaji fundi umeme na mpima ardhi. Mshauri ajaye Shinyanga na fomu zake tu hatasikilizwa. Heri kwanza aketi na wazee. Hata hivyo, tusiisifu shikome kupita kiasi: wasichana hawakuketi pale. Ushauri utakaomwacha binti gizani hautakuwa urithi, bali dhuluma.