Ukoo wa Mkwawa Masikioni: Podikasti ya Historia ya Kichifu Inavyojengwa

Ukoo wa Mkwawa wa Uhehe, nchi ya Wahehe mkoani Iringa, una karibu kila kitu ambacho podikasti ya nasaba za watawala hutafuta: ugomvi wa kurithi kiti, vita na mkoloni, fuvu lililokaa ugenini zaidi ya nusu karne, na uchifu uliofutwa kisheria mwaka 1963 lakini watu hawakuacha kuurithishana. Kinachokosekana ni habari za kila siku. Wanaosimulia ufalme wa Uingereza hupewa ziara na taarifa za ikulu wiki hadi wiki. Kalenga, makao ya uchifu huo, husikika chifu anapofariki, mwingine anaposimikwa, au fuvu linapotajwa. Kwa hiyo historia ndiyo inayobeba kipindi, na habari mpya hudandia.

Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, ramani ya kipindi iko barabarani. Ruaha Mbuyuni, kwenye mpaka wa Iringa na Morogoro, malori husimama kati ya wauza vitunguu kabla ya kuanza kupanda Mlima Kitonga. Dereva aliyepakua kipindi hapo hahitaji tena mtandao kwenye kona za mlima. Akishapita Ilula anafika Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kumuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Mapigano yenyewe yalikwisha upesi mno, na hapo sauti inaishinda picha: msimulizi anaweza kuyaeleza kwa urefu ule ule yaliyotumia, kisha akanyamaza. Ngoma na milio ya bunduki ya kubandika, ambayo watengenezaji wengi huipenda, hapa huharibu tu.

Ugumu mkubwa uko kwenye majina. Msomaji wa kitabu hurudi ukurasa wa nyuma kutazama mti wa ukoo. Msikilizaji ameshika usukani. Munyigumba alimzaa Mkwavinyika, ndiye Mkwawa. Mkwawa akamzaa Sapi. Sapi akamzaa Adam Sapi. Baadaye yuko Chifu Abdu, mwana wa Adam Sapi. Njia inayofaa ni kumfunga kila mmoja kwenye tukio moja na kulirudia: Mkwawa ni yule aliyejipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 akikataa kukamatwa, Adam Sapi ni yule aliyepokea fuvu, halafu akawa Spika wa Bunge. Matamshi nayo yana kazi. Maandishi ya Kijerumani huliandika jina la Mkwawa "Quawa", na msimulizi anayelisoma hivyo bila maelezo humfanya mtu mmoja kuwa wawili.

Sehemu ya fuvu, ambalo Wajerumani walilichukua baada ya kifo cha Mkwawa, ndiyo inayoonyesha nani anajua kazi yake. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi kwa Uingereza fuvu la "Sultani Mkwawa" ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, akayatenga yale ya Afrika Mashariki, kisha akatafuta lenye vipimo vinavyokaribiana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Lililochaguliwa lilikuwa na tundu la risasi. Lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na huko ndiko lilipo.

Kipindi kizuri hakiruki hatua hizo. Vipimo vya kichwa huonyesha kufanana, si nasaba, na watu wawili wasio na undugu wanaweza kufanana. Sauti ya mwanaukoo, ripoti ya mwanajeshi wa Kijerumani na uamuzi wa gavana ni ushahidi wa aina tatu. Zikichanganywa chini ya muziki mmoja, msikilizaji hujua hadithi bila kujua nani kaisema. Kutaja chanzo kwa sentensi fupi kabla ya kila dai hugharimu sekunde tano.

Hapo, penye pengo kati ya vipimo na nasaba, ndipo habari mpya zinapopata nafasi. Septemba 2023 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia, yenye makao Berlin, ilitangaza kuwa vinasaba vya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro vimelingana na vya ndugu walio hai. Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga. Ndani ya Uhehe kwenyewe, Chifu Abdu alipofariki mwaka 2015 kiti kilimwendea mwanawe aliyekuwa bado mwanafunzi. Mtangazaji anayemwita "mfalme" anakosea kwa upande mmoja, na anayesema hana cheo chochote anakosea kwa upande wa pili: serikali haimpi mamlaka, lakini ukoo na wazee wa Kihehe humtambua. Neno "chifu", likifuatwa na maelezo hayo mara moja tu mwanzoni, linatosha hadi mwisho wa kipindi.