Mizani Haisomwi, Inasikika: Haiku Tatu kutoka Wema

Mimi ni mtu wa gitaa. Waliponiita Wema, kule Garsen, niketi na majaji wengine wawili kwenye shindano la haiku la vijana, nilidhani kazi ni kuhesabu tu. Tano, saba, tano, basi. Kumbe hata kuhesabu kwenyewe nilikuwa sijui.

Haiku hii ilinikwamisha:

Mto wajaa,
mtumbwi u shambani,
mpunga chini.

Nilihesabu irabu kwa kidole: nne, sita, nne. Nikaikata alama, nikageuza karatasi. Mwenzangu akaisoma kwa sauti, mkono wake ukigonga meza, na nikasikia kosa langu. M-to. M-tu-mbwi. M-pu-nga. Hiyo "m" ya mwanzo haina irabu lakini ina pigo lake, kama besi inayoingia kabla ya gitaa. Tano, saba, tano, kamili kabisa. Na kila mstari unaanza kwa mdomo uliofungwa, kama mtu anayeguna akitazama shamba lake likizama.

Wajapani nao wanahesabu hivyo. "Nippon" kwao ni mapigo manne: ni-p-po-n. Kwa hiyo Kiswahili kinakaa kwenye haiku vizuri kuliko lugha nyingi za Ulaya, na hakihitaji kuomba ruhusa. Sisi tuna mizani tangu zamani. Haiku nzima ina mizani 17; mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida una 16. Yaani mwandishi wa haiku anapewa mshororo mmoja na pigo moja la nyongeza, halafu anaambiwa aseme kila kitu.

Hapo ndipo wengi walianguka. Haiku iliyopigiwa makofi mengi zaidi ilikuwa hii:

Vijana wote,
tudumishe amani,
tusonge mbele.

Hesabu safi. Lakini ukiondoa mipaka ya mistari unabaki na maneno ya bango. Sisemi amani ni mada nyepesi. Huku Tana Delta, mapigano ya mwaka 2012 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100, na baadhi ya vijana waliokuwa ukumbini walikuwa watoto wakati huo. Ndiyo sababu neno lenyewe linastahili kazi zaidi. Kimuziki, shairi hili ni noti moja iliyopigwa mara tatu kwa nguvu ileile. Halina pumziko, kwa hiyo msikilizaji hana nafasi ya kuingia.

Sasa sikiliza ya tatu:

Kisima kile:
nyayo za ng'ombe wao,
ndoo ya mama.

Amani haijatajwa, wala vita. Baada ya "kile" kuna kimya, na wanamuziki tunajua kimya nacho kinapigwa. Halafu linakuja neno "wao", mapigo mawili tu. Wao nani? Pale Wema hakuna aliyehitaji kuuliza. Neno hilo lina jeraha, lakini ndoo ya mama imewekwa palepale kwenye maji yaleyale. Je, mama anangoja ng'ombe waondoke, au amewazoea? Mshairi hasemi. Niliipa nafasi ya kwanza, na ile ya mtumbwi ya pili. Ya mtumbwi ina picha kali, ila ukishaiona umeiona. Ya kisima unarudi nayo nyumbani.

Baadaye yule kijana wa bango alinifuata nje. "Kaka, kwani amani si muhimu?" Nikamwambia ni muhimu mno, ndiyo maana nataka niisikie, si niamriwe. Hakukubali, na sikumlaumu. Makofi aliyopata yalikuwa ya kweli.

Nilimkumbusha jambo moja ambalo kila Mpokomo analijua. Mwaka 1963 tume ya watu watano iliyotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya ilichukua sauti yake kutoka wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Wangeweza kuchukua ngoma ya vita, au tarumbeta. Walichukua sauti ya mama anayeimba taratibu ili mtoto alale, na leo uwanja mzima unasimama ukiisikia. Udogo wa kitu si udhaifu wake.

Shindano lijalo ningeomba kanuni moja ibadilike: karatasi zikae kando kwanza, kila mshairi asome mara mbili, majaji tufumbe macho. Nawe unayeandika haiku usiku kwenye simu, kabla hujaituma, ipigie makofi polepole. Pigo likikosekana utalisikia. Na kama hakuna mahali popote mikono yako ilitaka kusimama, rudi uandike tena.