Watu saba, kabini tatu: hesabu ya vitanda melini

Binamu yangu anaishi Houston na mkewe, mama yake mzazi na watoto wanne, wa miaka 16, 12, 9 na 4. Walipoamua kwenda likizo ya wiki moja kwa meli ya kitalii alinitumia picha ya ukurasa wa bei na swali moja: "Kaka, kuna chumba cha familia cha watu wanane, kina sebule na bafu mbili. Tuchukue hicho?" Bei yake ingetosha kununua gari zuri lililotumika. Nikamwomba asilipe hata senti mpaka tukae tupige hesabu. Hesabu ile naiweka hapa kwa sababu familia zetu ni kubwa, bibi yumo na watoto wamo, na kurasa za bei hutengenezwa kwa kuwafikiria mume na mke tu.

Hatua ya kwanza haikuhusu kabini, ilihusu bandari. Watu saba wakipanda ndege kwenda kupandia meli Miami, nauli peke yake inakula pesa ya chumba kizima. Kutoka Houston hadi bandari ya Galveston ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kampuni ya Carnival imekuwa ikisafirisha watu kutoka pale kwa miaka mingi, na kampuni ya Royal Caribbean ilifungua jengo lake la abiria bandarini hapo Novemba 2022. Meli huteremka Ghuba ya Mexico hadi Cozumel, Costa Maya au Roatán, kisha hurudi pale pale zilipoanzia. Bandari ikawa Galveston, na mjadala huo ukaisha.

Sasa tuje kwenye bei. Kampuni za meli hutangaza bei ya mtu mmoja, kwa dhana kwamba chumbani mnalala wawili. Abiria wa kwanza na wa pili wa kila kabini ndio wanaobeba bei kamili. Wa tatu na wa nne hulipa pungufu, na baadhi ya misimu pungufu sana. Anayelala peke yake mara nyingi hutozwa karibu bei ya watu wawili. Juu ya hapo kuna kodi na ada za bandari, pamoja na bakshishi ya wahudumu, ambayo kwenye kampuni kubwa za Marekani sasa inazunguka dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Hizi mbili zinafuata vichwa, hazifuati vyumba. Mkijibana saba kwenye kabini mbili au mkijinyoosha kwenye tatu, zinabaki zile zile.

Tuchukue namba za mfano, rahisi kuhesabu. Kabini ya ndani, isiyo na dirisha, kwa siku saba: abiria wa kwanza na wa pili dola 700 kila mmoja, wa tatu na wa nne dola 400. Mkigawana wanne na watatu kwenye kabini mbili, mna bei kamili nne, yaani 2,800, na bei pungufu tatu, yaani 1,200. Jumla 4,000. Mkichukua kabini tatu, wawili, wawili na watatu, mna bei kamili sita, 4,200, na bei pungufu moja, 400. Jumla 4,600. Kabini ya tatu nzima, na bafu lake na choo chake, imeongeza dola 600 tu. Ukigawa kwa watu saba haifiki dola 86 kila mtu kwa wiki nzima.

Hapa ndipo binamu yangu alipotulia, maana akilini mwake kabini ya tatu ilikuwa theluthi nyingine ya gharama. Kumbe wale watu wawili mnaowahamisha tayari mlikuwa mnawalipia, na kinachoongezeka ni tofauti kati ya bei kamili na bei pungufu. Msimu wa likizo za shule tofauti hiyo husinyaa zaidi, kwa sababu kampuni hupandisha bei ya kitanda cha tatu na cha nne. Mfano wetu ukiwa na dola 600 badala ya 400 kwa vitanda hivyo, kabini mbili zinagharimu 4,600 na tatu 4,800. Kwa dola 200 mnapata chumba kizima. Ndiyo maana nasema familia kubwa isihesabu vyumba, ihesabu ni wangapi kati yao wanaolipa bei kamili.

Kuna njia nyingine ya kutumia zile dola 600, na mke wa binamu yangu aliipigania kwa nguvu. Kwenye sitaha za vyumba, kabini za nje zimepangwa ubavuni mwa meli, zikiwa na dirisha au roshani, na za ndani zimepangwa katikati. Ujia mwembamba unazitenganisha, kwa hiyo mlango wa kabini ya roshani unatazamana na mlango wa kabini ya ndani, hatua mbili tatu tu. Ukichukua kabini moja ya roshani kwa watu watatu, kwa dola 1,000 kila mmoja wa wale wawili wa kwanza na 400 wa tatu, na moja ya ndani kwa watu wanne, jumla inarudi pale pale: dola 4,600. Bahari mnaiona wote mchana, na usiku kila mtu anarudi kwake. Kwa wazazi wenye watoto wawili au watatu, mpango huo ni mzuri mno na ningeushauri bila kusita.

Kwa watu saba, hapana. Nimewahi kulala kabini ya ndani tukiwa wanne na najua alfajiri inavyokuwa. Vitanda viwili vya chini vimesogezwa ukutani. Viwili vya juu vimeshushwa, na ngazi imesimama katikati ya njia. Kwa msala hakuna nafasi mpaka mtu mmoja apande kitandani na viatu vya wote visukumwe chini ya meza. Giza ni la kaburini. Tulizoea kuiacha televisheni kwenye chaneli ya kamera ya mbele ya meli, sauti imezimwa, tukajua kumekucha kwa kuona kioo kikibadilika kutoka cheusi kuwa cha kijivu. Na bafu ni moja, pana kiasi cha mtu kujigeuza, na pazia linalogandana na mwili. Asubuhi ya kushuka bandarini watu wanne walilingojea zaidi ya saa nzima. Kwenye safari ya bibi wa miaka zaidi ya 70 na mtoto wa miaka 4, bafu la tatu lina thamani kuliko roshani. Bahari iko juu sitahani, bure.

Kitu kimoja kinachosaidia kwenye vyumba hivyo: kuta zake ni za chuma, na sumaku inashika. Nunueni kulabu kadhaa za sumaku kabla ya kuondoka. Nguo za kuogelea na mikoba ya watoto vitaning'inia ukutani na sakafu itabaki ya kutembelea.

Binamu yangu alikutana na jambo lililomkasirisha. Mchoro wa meli ulionyesha kabini ya vitanda vinne, mfumo wa kukata tiketi ukamkatalia watu wanne. Alidhani ni hila. Mara nyingi si hila. Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa na watu wapatao 2,200 na mashua za kuwatosha kama nusu yao, na sheria za kimataifa za usalama baharini zilizaliwa kutokana na msiba ule. Leo kila meli ina kikomo cha watu, na kila kabini imepangiwa kituo chake cha dharura chenye idadi yake. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina kabini 2,805. Wakilala wawili wawili ni abiria 5,610, na kikomo chake ni kama 7,600. Maana yake, kwa wastani kila kabini haifikishi hata abiria mmoja wa ziada. Vituo vya upande mmoja vikijaa, vitanda vya juu vya upande huo havifunguliwi tena hata kama vyumba vyenyewe ni vitupu. Jaribu sehemu nyingine ya meli, au gawanya watu upya.

Mahali pa kabini napo pana hesabu yake. Meli ikikutana na mawimbi, omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka sana. Katikati, kwenye sitaha za chini, hutulia. Wahenga waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walizijua jahazi kwa miili yao, na mama mzee mwenye kichefuchefu ataliona hilo usiku wa kwanza. Halafu angalia sitaha ya juu yako na ya chini yako kuna nini. Chini ya bwawa la kuogelea utasikia viti vikiburutwa saa kumi na moja alfajiri, na juu ya ukumbi wa muziki utausikia mpaka saa saba usiku. Kabini nzuri ina kabini juu yake na kabini chini yake.

Majina nayo yana utaratibu wake. Kampuni nyingi zinazoondokea Marekani hutaka kila kabini iandikishwe mtu mzima, mara nyingi wa miaka 21 na zaidi. Tukaandika baba na mtoto wa miaka 12, mama na wadogo wawili, bibi na yule wa 16. Walipofika melini waliomba funguo za ziada kwenye dawati la huduma, wakalala walivyotaka: wazazi na yule wa miaka 4, bibi na mjukuu wa miaka 9, wakubwa wawili kabini ya tatu. Kwa ajili ya yule wa miaka 4 tulitafuta kabini yenye sofa inayokunjuka kuwa kitanda, maana mtoto wa umri huo hapandishwi kitanda cha juu. Mchoro wa sitaha huwa na alama ya kutofautisha viwili hivyo. Tulihakikisha pia kabini zote tatu zina kituo kimoja cha dharura. King'ora kikilia, mama asianze kuuliza mwanawe yuko upande gani wa meli.

Ile bei ya chini kabisa, ambayo kampuni ndiyo inayokuchagulia namba ya kabini baadaye, waachieni watu wawili wasio na mzigo. Familia yenye oda tatu inaweza kujikuta imetawanywa sitaha tatu, na dola chache mlizookoa mtazilipa kwa miguu ya bibi. Chagueni namba wenyewe, lipeni amana, kisha endeleeni kuitazama bei. Kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo mara nyingi huwa miezi miwili na nusu hadi mitatu kabla ya safari, bei ikishuka piga simu uombe ile mpya. Oda nyingi zinaruhusu.

Kabini zenye vitanda vitatu na vinne ni chache kwenye kila meli, na kwa likizo za shule ndizo zinazoisha kwanza. Kama mko sita, saba au wanane, fungueni mchoro wa sitaha leo.